Chuma cha Tano

Juzi mjukuu wangu alikuwa akichonga penseli mezani kwangu, makapi yakimwagikia kwenye sahani ya chai. Harufu ile ya mti mkavu iliponifika puani niliacha kabisa kusikia alichokuwa akiniuliza. Kwa watu wengine penseli hunukia darasa na fimbo ya mwalimu. Kwangu mimi hunukia gitaa, na nisipowaeleza mtadhani uzee umeanza kunichezea.

Tuliishi Kilimani, miaka ile ya Hali ya Hatari ya wakoloni, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mzungu ambaye baba alikuwa mpishi wake. Nilikulia kwenye harufu ya nyama ya kuokwa, nikila ugali na mboga za kunde. Kila Jumamosi mchana mama alinishika mkono tukatembea hadi River Road kumwona kaka yake. Sisi Waluhya mjomba tunamwita khotsa, naye humwita mtoto wa dada yake mwihwa. Mwihwa si mtoto wa kuchezea. Anaweza kuingia kwa mjomba wake akafunua sufuria, akashika kuku, na mjomba akinuna anajitafutia laana. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sheria hiyo niliijua vizuri kuliko hesabu za kuzidisha.

Khotsa Andayi alikuwa seremala katika karakana ya Mhindi mmoja, na chumba chake kilikuwa juu ya duka la misumari. Msumeno ulikuwa umemkata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kilipona, lakini kilibaki kimekakamaa kama kijiti. Ndiyo sababu, kila aliposhika gitaa, alichukua penseli, akailaza juu ya nyuzi zote sita na kuifunga kwenye shingo ya gitaa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Penseli ilizibana nyuzi, sauti ikapanda, naye akacheza kwa vidole vilivyosalia. Akitaka wimbo uwe juu zaidi aliisogeza penseli chuma kimoja mbele. Nyuzi zilivuka vile vyuma vyembamba vya shingoni, navyo ndivyo vilivyomwonyesha mahali pa kusimama.

Siku moja alinitazama nikiikodolea macho penseli yake, akacheka.

"Hii ni fimbo ya kilema, mwihwa. Mwenyezi Mungu alikupa kidole mzima. Wewe lalisha hiyo kidole juu ya nyuzi yote, finya, halafu hizi tatu zingine zitembee mbele yake. Mimi siwezi. Wewe utaweza."

Nikalaza, nikafinya. Gitaa likatoa sauti ya mbaazi zikianguka kwenye karai. Nilifinya mpaka machozi yakanitoka, na mbaazi zikazidi.

Sasa niwaambie kwa nini sikuacha. Mama alikuwa ndiye mwimbishaji wa akina mama wa kanisa letu, waliokutana Jumapili katika ukumbi mdogo kule Ngara. Mwaka ule kichomi kilimlaza hospitalini majuma mengi. Alirudi amekonda, na sauti yake haikurudi naye. Alipojaribu kuanzisha nyimbo, ilikatika njiani, wanawake wakaangalia chini kwa huruma. Akahamia benchi la nyuma kabisa. Midomo yake ilikuwa imefungwa wenzake wakiimba, na mimi sijapata kuogopa kitu tena maishani kama nilivyoiogopa midomo ile. Nyumbani hakuimba hata akiosha vyombo. Nilitaka mama yangu aimbe. Sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Khotsa ndiye aliyegundua. Alimwomba mama auimbe wimbo wetu wa shukrani polepole, akamfuata kwa gitaa akitafuta, akisogeza penseli huku na huku, mpaka ikakaa kwenye chuma cha kwanza, ambako sauti ni ya chini kabisa. Hapo sauti ya mama ikatoka, nzito, ya chini, lakini nzima.

"Haikupotea," alisema Khotsa. "Imeshuka tu. Dada, wewe utaimba Jumapili ya shukrani, na mimi nitakupigia hapa chini."

Mama alitazama dirishani, akajifuta uso kwa leso, akakubali.

Hazikupita wiki mbili, tajiri wa Khotsa akamtuma Nakuru kujenga paa la ghala, mwezi mzima. Tulimkuta akifunga mzigo, gitaa likiwa juu ya blanketi. Nililishika kwa mikono miwili.

"Nalitaka," nikasema.

"Rasoa!" mama akanikemea. "Weka chini kitu ya wenyewe!"

Khotsa aliguna, akakuna kichwa, akanitazama kama mtu aliyeibiwa na askari. Kisha akacheka. "Mwihwa ameshika. Nitafanya nini?" Aliondoka na penseli yake mfukoni na tyubu yake, nami nikatembea hadi Kilimani nikiwa nimekumbatia gitaa kubwa kunishinda, nikiwa nimeahidi, bila kuulizwa na mtu, kumpigia mama wimbo wa shukrani.

Nilifanya mazoezi nyuma ya stoo ya kuni, saa ambazo memsahib, mke wa mzungu, hakuwa amelala. Chuma cha kwanza kilinikataa. Kule mwisho wa shingo nyuzi zimekazwa sana, na kidole changu kilikuwa chembamba kama njiti ya kiberiti. Mama alipita na beseni la nguo, akasimama, akasikiliza, akapita tena. Siku ya nne, kwa kuchoka, nilisogeza mkono ovyo hadi katikati ya shingo, kwenye chuma cha tano, nikafinya.

Nyuzi zote sita ziliitika.

Nikapiga tena, zikaitika tena, moja baada ya nyingine, safi. Nikasogeza mkono mzima vyuma viwili mbele bila kubadili kidole hata kimoja, na wimbo uleule ukahamia mahali papya na vyombo vyake vyote. Nilisikia baridi kichwani. Sikujua kwamba dunia ina vitu vya namna hiyo, kwamba mkono mmoja wa mtoto unaweza kuubeba wimbo mzima na kuutua popote. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na mbwa wa mzungu akabweka.

Lakini mama alikuwa wa chuma cha kwanza, na pale kidole kiliendelea kushindwa mpaka Jumamosi, mkesha wa shukrani. Kwa hiyo nikafanya hila. Nilichukua penseli ya shule, nikachomoa lastiki ya gaguro langu, nikaifunga kama Khotsa. Ilishika! Jumapili nilikwenda Ngara gaguro likiwa limefungwa kwa pini, roho yangu ikiwa imetulia.

Mzee wa kanisa alituita. Mama alisimama mbele kwa mara ya kwanza tangu augue. Nilipiga mara moja, na lastiki ikafyatuka. Penseli ilianguka kwenye saruji, ikabingirika mpaka chini ya benchi la akina baba. Watoto wakacheka. Nikalaza kidole pale pale, chuma cha kwanza, na mbaazi zikamwagika ukumbi mzima. Nilimtazama mama. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Mkono wangu ukakimbia wenyewe. Ulikimbilia palipoukubali, chuma cha tano, na nyuzi zikaitika. Nilianza kupiga, nikijua kwamba pale ni juu mno, nikishindwa kushuka. Mama alisikiliza mizunguko miwili. Alivuta pumzi nikaona mabega yake yakiinuka, akafungua mdomo, akaimba.

Aliimba juu. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, mishipa ya shingo ikamtoka, lakini haikukatika, na kwenye ubeti wa pili akina mama walisimama wote wakampokea. Nilipiga huku nalia. Niliamini, na niliwasimulia watu miaka mingi baadaye, kwamba kidole changu ndicho kilichomrudishia mama sauti yake.

Mama alizeeka sana. Mwaka wake wa mwisho, nyumbani kwetu Kakamega, alikuwa amekaa kwenye jua la asubuhi nami nikachukua gitaa nikampigia wimbo ule, kwenye chuma cha kwanza, ambacho kidole changu kilikwisha kukizoea tangu zamani. Aliimba ubeti wa kwanza taratibu, bila shida yoyote, kisha akaniambia, "Leo umenipumzisha."

"Kwani siku ile ya Ngara nilikuchosha?"

"Nilidhani kifua kitapasuka." Akacheka kidogo. "Wiki nzima nilikuwa nakusikia nyuma ya stoo. Nilijua kidole yako haiwezi kushuka. Mimi nilikuwa naweza kupanda."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayeeleza kwa nini aliongeza maji kwenye uji. Na mimi nilikuwa nimejisifu maisha yangu yote kwamba nilimfuata alipokuwa, wakati yeye, mgonjwa, mbele ya kanisa zima, ndiye aliyepanda kunifuata. Niliona haya, nikaona na fahari, vyote kwa pamoja, nikaacha kupiga. Yeye aliendelea kuimba peke yake, chinichini, mpaka wimbo ukaisha.