Taa ya Oili Katika Gari la Maharusi

Mpaka leo, mwanangu, nikitulia naisikia sauti ya matarumbeta ikituacha. Wapigaji walikuwa mbele yetu kwenye pikapu, wamejaza mashavu, wakapinda kona baada ya Mkuyuni bila kugeuka nyuma, na sauti ikazidi kuwa ndogo kuelekea Nyegezi. Sisi tukabaki katikati ya barabara, maharusi kiti cha nyuma, baba kashika usukani wa gari lililokufa. Ngoja nikueleze tulifikaje pale.

Nilikuwa binti aliyemaliza darasa la saba, kichwa kimejaa ndoto. Kiwanda alichofanyia kazi baba kule Nyakato kilipunguza watu, naye akiwamo. Kiinua mgongo chake chote akakitoa kwa gari moja la spoti, la zamani, jekundu, milango miwili, pua ndefu kama ya mamba. Mama alishika kichwa.

"Baba Kabula, watoto wote hawa, gari la milango miwili?"

"Hili si la watoto, ni la maharusi," baba akacheka. "Kila Jumamosi mjini hapa pana harusi."

Mimi nilimwamini kuliko alivyojiamini mwenyewe. Nilishajiona nimevaa shela humo ndani.

Aliyetuuzia alikuwa Mama Nalini, mjane wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa. Wanawe walikuwa wanamchukua akaishi nao ng'ambo. Siku ya kukabidhi gari aliniita mimi, si baba. Nikamwamkia, akanikalisha kwenye kiti cha dereva.

"Marahaba, binti. Sasa sikia. Mume wangu kila asubuhi alifanya hivi." Akazungusha ufunguo nusu, injini haijawaka. Taa zote za dashibodi zikawaka: ya betri, ya breki, ya joto, ya oili. "Hesabu. Kwanza ziwake zote. Injini ikiunguruma, zizime zote. Ikibaki moja, tafuta shida. Lakini ile haiwaki kabisa asubuhi, hiyo ogopa zaidi."

"Kwa nini, Mama? Si ndiyo haina shida?"

"Mtoto halii. Wewe unajua ameshiba, au ameishiwa nguvu?" Akaifuta dashibodi kwa pindo la sari yake, akashuka, hakuliangalia tena lile gari.

Kazi ya kuhesabu ikawa yangu. Taa ya betri ilipogoma kuzima, tukakuta mkanda umelegea. Ya breki ilipowaka, tukaongeza mafuta ya breki. Siku nyingine ya joto ikawaka na redieta ni baridi kama mtungi. Kumbe waya umechubuka, taa inasema uongo. Hapo ndipo baba alipoanza kuliita gari bibi kizee. "Huyu analalamika tu, hana kitu."

Halafu ikaja ya oili. Ukikanyaga mafuta inazima, ukienda polepole injini ikiwa ya moto inapepesa. Nasi kwenye harusi tunakwendaje? Polepole, nyuma ya matarumbeta, tena msafara hausimami. Fundi akasema gari lipumzike, injini ifunguliwe. Baba akajibu kwamba kazi za harusi ameshazipokea. Jumamosi moja shangazi wa bibi harusi akachungulia dirishani, akaiona.

"Nyekundu hiyo inakonyeza nini? Mzee, unatupelekea mtoto ukumbini au motoni?"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini macho akayashusha.

Jumamosi iliyofuata nikazungusha ufunguo nusu, nikahesabu. "Baba, ya oili haikuwaka."

"Nimeing'oa. Nimepima kwa stiki, oili ipo. Kaa hapo mbele, shika maua, tabasamu."

"Lakini Mama Nalini alisema..."

"Mama Nalini yuko ng'ambo, Kabula. Harusi iko hapa."

Nikashika maua. Nikatabasamu.

Tulipoanza kupanda kilima, nikasikia injini ikigonga, ko, ko, ko, kisha ikakaza na kunyamaza. Gari limenoki. Bwana harusi, aliyekunjwa nyuma magoti yakimgusa kidevu, akauliza kwa adabu, "Mzee, tumefika?" Taa za dashibodi zikawaka, moja tu haikuwako, na baba alikuwa anaangalia palepale ilipokuwa. Bibi harusi akashuka, viatu mkononi, akapandishwa gari la ndugu zake.

Tulilivuta gari mpaka nyumbani, na pale uani likakaa. Kuku wakataga kwenye kiti cha maharusi. Hapakuwa na cha kulifufulia, wala kazi ya kurudia. Baba akawa anakaa karibu nalo, anakonda. Ukimwuliza, "Baba, hujambo?" anajibu "Sijambo" kwa sauti ileile, asubuhi na jioni. Halalamiki chakula, halalamiki baridi. Majirani wakamsifu kwamba amejipa moyo. Nasi nyumbani tukashukuru hivyohivyo, mpaka mvua za masika zikamkuta hayupo duniani.

Mwanangu, mimi sina cha kukuficha: hakuna kilichorudi. Ninachoweza kukupa ni hiki. Ukipata gari, lihesabie taa kabla ya kuwasha. Taa ikikudanganya, tengeneza waya wake, usiing'oe. Ikiwaka nyekundu ya oili, zima injini hapohapo, hata kama nyuma yako pana bibi harusi, hata kama ukoo mzima unakucheka. Na nyumbani kwako, anayelalamika mshukuru. Yule asiyelalamika kamwe, mkalie karibu, mwulize mara ya pili, na jibu la kwanza usilipokee. Mungu akupe watu wasiochoka kukwambia, nawe akupe moyo wa kusimama ukiambiwa.

Siku ya kugawa nguo za baba, mimi nilipata shati lake la kuendeshea maharusi. Mfukoni mlikuwa na karatasi ya sigara iliyokunjwa, na ndani yake glopu ya taa, ndogo kama punje ya hindi. Watu walipokwenda kula, nikatoka uani peke yangu. Nikafukuza kuku, nikaingia, nikairudisha glopu mahali pake kwenye dashibodi. Betri ilikuwa imekufa zamani, nalijua hilo. Nikazungusha ufunguo nusu, nikahesabu.