Bomba Lililofungwa Sponji

Kikundi chetu cha ngoma cha Mkolani kilizoea kucheza kwenye udongo. Serikali iliporuhusu biashara huria, baa zikaanza kutukodi tuvutie wateja, tukawa tunaruka na majembe yetu ya kuchezea juu ya saruji. Miguu ikaanza kuuma. Manju, yaani kiongozi wa kikundi, nilikuwa mimi.

Mchezaji wetu bora alikuwa mama mmoja mwembamba, hodari wa kurusha jembe na kulidaka akiwa hewani. Hospitalini walimfundisha kukanda misuli kwa kuibingirisha juu ya kitu kigumu kiasi. Akatafuta kipande cha bomba la maji, akakizungushia sponji ya godoro, akakikaza kwa mpira wa baiskeli. Kabla ya kucheza alikaa chini, akaweka kigimbi juu yake, akajisukuma taratibu mbele na nyuma.

"Dada, chapati zinaiva saa ngapi?" wenzake walimtania.

"Zikiiva hamli," alijibu bila kuacha.

Siku ya mashindano kule Buswelu tulicheza na mahasimu wetu kwa wakati mmoja, kila kikundi upande wake wa uwanja. Kwa desturi yetu, anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Nilikuwa nimechukua dawa ya mvuto kwa mganga, naye alinionya kwamba kitu cha kutoka nje ya kikundi kingeiharibu. Nikamkuta yule mama na bomba lake.

"Nani kakupa hiki? Wale wa upande wa pili?"

"Manju, ni sponji tu. Niache nipashe mguu moto, umekaza tangu jana."

Nikalitupa kwenye moto tuliowasha wa kukazia ngozi za ngoma. Kisha nikamkalisha apakwe dawa mpaka filimbi ikalia.

Mruko wa kwanza alitua vizuri. Wa pili alianguka, akashika kigimbi, jembe likadondoka kando yake. Watu wa upande wa pili wakaacha ngoma yao, wakaja mbio kumtazama. Waamuzi walipoangalia uwanja, umati wote ulikuwa kwetu.

Tukatangazwa washindi. Nilipokea zawadi kwa mikono miwili, nikawaambia watu dawa imefanya kazi.

Daktari alisema msuli umechanika, na kwamba labda ungechanika hata kama angeupasha. Nimeliegemea neno hilo miaka mingi. Lakini muda wake wa kuupasha niliuchukua mimi, na hakucheza tena.

Nilipokwenda kumpa pole, alikuwa amenyoosha mguu kitandani.

"Shikamoo, manju," alisema. "Umati wenu haujambo?"

Nikaitikia marahaba.