Lindo Nililoliacha Mlimani

Siku ninayoikumbuka mno, mwanangu, ni asubuhi moja ya karibuni tu, Nizwa, hapa Oman, katika ofisi ya jeshi inayoshughulikia wastaafu. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo mkononi, kanzu imepigwa pasi, na kilemba nimekifunga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza kilikaa upande. Nilikwenda kuomba wanibadilishie maneno ya cheti changu. Cheti kile kinasema niliachishwa uaskari kwa mwenendo mbaya. Nilipewa cheti hicho ndevu zangu zinaanza kuota, na sasa zote nyeupe.

Afisa mwenyewe kijana, umri wa wajukuu zangu. Aliposikia lafudhi ya Kiarabu changu akaniuliza kama mimi ni katika watu wa Zanzibar. Nikamwambia ndiyo. Akainuka kitini, akacheka.

"Shikamoo, babu. Bibi yangu wa Pemba. Kiswahili changu mbovu, lakini nasikia."

Moyo wangu ukatua kidogo. Akasoma ombi langu, akaliweka mezani taratibu.

"Babu, kitu moja haipo hapa. Umeandika uliacha lindo. Umeandika unaomba samahani. Lakini sababu haipo. Kwa nini uliondoka?"

Swali lile lile niliulizwa na afisa mwengine nilipokuwa kijana, nikasema sina sababu. Uzee wote huu sikupata jibu jengine. Yule kijana hakunihimiza. Akaniambia nifikiri, na kama mwenzangu wa lindo, aliyetajwa kwenye faili kuwa aliumia siku ile, yuhai bado, nimtafute, maana neno lake litasaidia. Nikaaga, nikaenda kukaa garini, na nilikaa muda mrefu kabla ya kuwasha.

Wewe hukuniuliza, lakini nitakwambia, kwa sababu nawaona nyinyi mnavyokwenda kufanya kazi mbali na kwenu, na mkipigiwa simu mnasema alhamdulillahi, mambo mazuri, halafu mnakata haraka.

Nilikuja Oman kutoka Unguja kijana mbichi, na haukupita muda nikaandikwa jeshini. Jina langu la Kiarabu, kabila langu linajulikana, sura yangu ya hapa hapa. Kilichokosekana ni Kiarabu. Nilikuwa nacho cha chuoni, cha kusomea Qur'ani, na amri za jeshi nilizikariri. Cha kumtania mtu, cha kumwambia leo nimeamka roho nzito, hicho sikuwa nacho. Nikapelekwa mlimani Jabal Akhdar, kwenye kibanda cha mawe juu ya korongo, tulinde njia na tuitikie simu ya upepo, ile redio ya jeshi. Tulikuwa wawili tu. Mwenzangu akiitwa Hamed, mtu wa Ashkhara, mtoto wa wavuvi, na Kiswahili hajui hata neno.

Baridi ya kule sikuwahi kuiona. Maji yalikuwa yakiganda birikani, na mimi natoka nchi ambayo watu hulala na madirisha wazi. Asubuhi nilikuwa nikipika chai kama ya kwetu, ya iliki na tangawizi, na ikiiva humwita mwenzangu kwa mdomo na kwa mkono: "Hamed, njoo chai." Yeye hunikatia kipande cha papa mkavu aliyetumiwa na mama yake. Tunakunywa, kila mtu anatazama upande wake, halafu siku nzima kimya. Nilimwona mtu mkavu, nikadhani ananidharau kwa kutojua kusema. Moyoni mwangu nilihesabu kuwa nakaa peke yangu kule juu.

Basi siku moja dereva aliyetuletea chakula akataja, kwa kupita tu, kwamba Ijumaa kuna harusi ya Wazanzibari Birkat al Mauz, chini ya mlima. Sikulala vizuri tangu siku ile. Ijumaa nikasali alfajiri, Hamed amelala bado, nikashuka. Sikumwambia neno wala sikumwachia ishara. Nilijidanganya kuwa magharibi nitakuwa nimesharudi.

Nyumba ya harusi niliisikia kabla ya kuiona. Nilikuwa katika kichochoro, nikamsikia mwanamke anamgombeza mtoto ndani ya ukuta: "Hebu toka hapo, we, utaungua!" Miguu ikasimama yenyewe. Wala hakuwa akisema na mimi, lakini nilibaki pale nimeshika ukuta, nataka agombeze tena. Walinikaribisha bila ya kunijua. Wakaniuliza mtoto wa nani, wa mtaa gani, na bibi mmoja, Bi Zuwena, akanitazama juu mpaka chini akasema, "Mwanangu, mbona umekonda hivi? Nani anakupikia huko uliko?" Nililia juu ya sahani ya pilau mbele za watu. Waliponiuliza kuhusu kazi nikasema nina ruhusa. Wakanitandikia, nikalala.

Kesho yake nilipofika juu nilikuta magari. Hamed alikuwa ameshapelekwa hospitali, mguu umevunjika. Niliambiwa alianguka magharibi, ndani ya ukungu, mbali na kibanda, na simu ya upepo ililia mpaka ikanyamaza bila mtu wa kuiitikia. Mimi nikafahamu nilivyotaka kufahamu, kwamba alikuwa anashuka kwenda kunishtaki. Nikamchukia, na kumchukia kule kulinipa nafuu, maana ningekuwa na aibu peke yake ningekufa. Sikwenda kumtazama.

Afisa aliponiuliza sababu nilisema sina. Mwanamme mzima, nimepewa bunduki, nimwambie nini? Nilishuka kwenda kusikia wanawake wa kwetu wanagombeza watoto? Afadhali mwenendo mbaya. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ndivyo walivyoandika.

Nikahamia Ibra, ambako hakuna aliyenijua. Nikawaambia watu nimetoka jeshini kwa sababu ya goti, na ili waniamini nikaanza kuchechemea. Mwanzo nilikuwa nakumbuka kuchechemea nikiona watu. Baadaye nikazoea, nikawa nachechemea hata chooni peke yangu. Nimeendesha gari la maji, nimefungua duka la vifaa vya ujenzi, nimeoa, nimezaa, nachechemea. Mke wangu Asya, Mungu amrehemu, kila baridi ikiingia alikuwa akinikanda goti hili kwa mafuta ya karafuu. Alinikanda mpaka mwaka aliokufa, goti zima lisilo na kitu, na mimi namwachia. Hilo, mwanangu, linaniuma kuliko maneno ya cheti.

Asya alipoondoka, watoto wako Maskat na kazi zao, nyumba ikawa kimya kama kile kibanda. Wenzangu tulioandikwa pamoja na kufunzwa kambi moja hukutana kila mwaka Nizwa, katika ukumbi wa kambi. Walikuwa hunipigia simu kunialika, na mimi husema goti. Mlangoni pale huingia mwenye kadi ya mstaafu, na kwa cheti kama changu kadi haitolewi. Nilitaka kukaa nao hata mara moja kabla sijafa. Ndio maana nikaenda ofisini, na ndio maana baada ya swali la yule kijana nikashika njia ya Ashkhara.

Ni mbali Ashkhara. Unapita Jaalan, mchanga unavuka barabara, na harufu ya samaki wanaokaushwa inakupokea kabla ya mji. Niliuliza ufukweni, nikaonyeshwa nyumba. Nikateremka garini, kwa mazoea yangu nikachechemea. Akatoka mzee mlangoni kunilaki, naye anachechemea, lakini yeye kwa kweli, mguu unaburuzika na bega linashuka. Wazee wawili tunakwendeana vile. Nikanyoosha mguu pale pale, nikatamani ardhi inimeze.

Alinitambua. Hakusema kitu mpaka tumekaa, tende zimeletwa, kahawa imepita, maana huku mgeni haulizwi shida yake kabla ya kahawa. Kiarabu nilikuwa nacho tele sasa, na sikujua pa kuanzia. Mwisho nikamuuliza, "Ya Hamed, siku ile ulikuwa unakwenda kunishtaki?"

"Kukushtaki kwa nani? Nilidhani umetumbukia korongoni. Nilikuwa nakutafuta. Nimeita mpaka sauti imekauka."

"Ukiita nini?"

Akacheka kwa haya kidogo, mzee yule, akaweka mkono mdomoni kama anayeita mtu wa ng'ambo, akasema kwa Kiswahili: "Njoo chai! Njoo chai!" Halafu akarudi kwenye Kiarabu. "Hayo ndiyo maneno yako niliyokuwa nayo. Nilisema moyoni, huyu akisikia Kiarabu atadhani ni afisa, atajificha. Akisikia lugha yake ataitika."

Nililia mbele yake, sikuficha uso. Nilikuwa nimeshuka mlima mzima kutafuta mtu wa kuniita kwa Kiswahili, na kule juu alikuwako.

"Mguu nilikusamehe hospitali," akasema. "Lililoniuma ni kuwa hukuja kunitazama. Lakini nambie, wallahi sijapata kujua mpaka leo. Uliondokea nini?"

Nikamwambia. "Upweke, Hamed. Nilikuwa mpweke." Maneno machache tu hayo, na nimeyabeba umri mzima.

"Na mimi je?" akasema. "Mimi mtu wa pwani, mlima sijapata kuuona mpaka nilipopelekwa kule. Nikiamka nangoja uniite chai, nisikie sauti ya mtu. Ukishaniita, basi, nangoja tena mpaka kesho." Kisha akanitazama mguu. "Na wewe umeumia wapi?" Nilipomweleza habari ya goti alicheka mpaka akakohoa, watoto wake wakaja mbio kutazama kuna nini. "Mimi najikaza nisichecheme, na wewe unachechema kwa raha zako!"

Tukaenda mji wa Sur pamoja, akatoa ushahidi wake mbele ya katibu wa serikali anayeandika hati, kwamba yeye ndiye aliyeumia na hana dai. Mimi nikaongeza mstari mmoja katika ombi langu: niliondoka kwa sababu ya upweke, na sikumwambia mwenzangu. Tukawa tunapigiana simu. Hakuwa akisema salamu aleikum kwanza. Alikuwa akianza na njoo chai, na mimi hujibu nakuja.

Akafa kabla jibu halijatoka. Nilikwenda matangani, nikakaa na wanawe. Muda mfupi baadaye ofisi ikaniita. Yale maneno ya mwenendo mbaya yameondolewa, nimeachishwa kwa heshima. Yule kijana afisa alinipa cheti na kadi ya mstaafu kwa mikono miwili, akasema mabruk, hongera, babu. Nikakileta nyumbani Ibra, nikakaa nacho sebuleni. Niliotaka kuwaonyesha ni wawili, na wote wawili wako chini ya ardhi.

Mkutano wa wenzangu ulipofika nikaenda. Niliingia ukumbini naenda sawa, miguu yote miwili. Mmoja akaruka, "Ma shaa Allah, goti limepona!" Nikasimama katikati ya zulia nikawaambia ukweli wote, harusi, pilau, Hamed, na goti. Wakatazama vikombe vyao. Nikasema moyoni, basi, wamenitoa. Mara mzee mmoja, mtu tuliyekuwa tukimwogopa sote kwa ukali wake, akasema polepole, "Mimi nilikuwa nalia chooni. Nafungua bomba wasinisikie." Mwengine naye akasema lake. Wakaendelea hivyo mpaka kahawa ikapoa, wazee wazima, kila mtu na mahali alipokuwa akijificha kulia. Kambi moja ile, na hakuna aliyekuwa akijua habari ya mwenzake.

Basi mwanangu, ninalokuusia ni hili. Ukiwa mpweke, sema. Mwambie mama yako kwenye simu, mwambie unayelala naye chumba kimoja, hata kama maneno yenu hayalingani. Usiondoke kimya ukamwacha mtu anakutafuta kwenye ukungu. Ukikosea, taja sababu yako mapema, hata ikiwa inakutia aibu, kwa sababu uwongo utakaouweka mahali pake utaulisha na kuulea, na atakayeukanda kwa mafuta ni yule anayekupenda. Na uliyemuumiza, nenda ukamtazame angali hospitali. Usingoje ofisi ikulazimishe, kama mimi. Cheti changu nimesahihishiwa. Miaka niliyokaa mbali na Hamed, sijui hata nikaiombee ofisi gani.

Mungu akujaalie rafiki kila utakapotua. Akupe ulimi mwepesi wa kusema linalokuuma, na sikio la kumsikia anayekuita kwa lugha ya kubabaisha. Akupe mke au mume wa kumwambia ukweli ungali na wakati wa kumwambia. Na siku utakayopotea, Inshallah, awepo mtu wa kutoka nje kwenye baridi akuite chai, na wewe uwe karibu uitike.