Fatiha Iliyosomwa Mjomba Akiwa Uani

Nilirudi Kiuyu kwa likizo, nikitokea chuoni Uganda, nikakuta mjomba wangu anatakiwa kuwa sheha, mkuu wa kijiji. "Wananitaka," alisema mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeona haya kufurahi. Sheha wa zamani alikuwa amefariki, na serikali ilikuwa imeleta habari kwamba safari hii mudiri, mtawala aliye juu ya masheha, atakuja kuwauliza watu wanamtaka nani.

Habari hiyo ilinifurahisha mimi kuliko ilivyowafurahisha wao. Tangu nijue kusema, usheha ulikaa nyumba moja tu, nyumba ya wenye mikarafuu. Kila nilipouliza kwa nini, nilijibiwa, "Ndivyo tulivyokuta." Sasa mwana wa marehemu, karani wa Chake Chake, alikuwa akionekana kijijini msimu wa karafuu tu. Mjomba, ndugu wa mama yangu, hakukosa mazishi ya mtu, na ugomvi wa mipaka ya mashamba aliusuluhisha yeye. Niliona hakuna la kuuliza.

Jioni nilifuatana naye kwenye mabaraza. Baba alikuja nasi. Watu walitukaribisha, wakatumiminia kahawa.

"Mzee, sisi na weye tu kitu kimoja."

"Inshallah, Mwenyezi Mungu atatimiza."

"Karani yule? Hata njia ya makaburini haijui!"

Muuza samaki mmoja alinigeukia. "Na weye msomi, ukirudi Uganda waambie na Kiuyu twaulizwa siku hizi!" Tukacheka wote, baba akiwemo.

Njiani nilimwuliza baba, "Mbona wote wanasema inshallah, hakuna aliyesema ndiyo?"

"Kwani weye wajua neno kubwa kuliko hilo?" akanijibu.

Siku ya mudiri tulikusanyika uwanja wa msikiti. Mjomba alivaa joho la kuazima. Mudiri alitaka kumaliza upesi, akaamuru wanaomtaka karani wakae upande wa kisima, na wanaomtaka mjomba wakae upande wa mlango wa msikiti. Mjomba akakaa mlangoni. Nikakaa ubavuni mwake.

Wanaume wakainuka kwa utaratibu, kama wanaopanga safu za sala, wakaelekea kisimani. Akaenda yule wa njia ya makaburini. Akaenda muuza samaki. Baba aliinuka mwisho, akaiweka sawa kofia yake, nami nikasogea kumpisha nafasi. Akatupita bila kutazama chini.

Mudiri akatutazama. "Ni nyie tu?"

"Huyo kijana msimhesabu, bwana," mtu akapaza sauti kutoka kisimani. "Huyo wa Uganda!"

Wakacheka. Imamu akainua mikono, ikasomwa Fatiha ya kumpongeza sheha mpya. Mjomba akainua mikono yake. Mimi sikuinua yangu.

Nyumbani nilimkabili baba kabla hajavua viatu.

"Juzi ulikunywa kahawa naye. Ukamwambia inshallah."

"Nilimwambia."

"Na leo?"

Akakaa kitandani. Akanieleza kwamba siku ya hitima ya marehemu sheha, baada ya kisomo, mzee mmoja alisema karani ashike nafasi ya baba yake. Ikasomwa Fatiha papo hapo, na kila aliyekuwepo akaitikia Amin.

"Fatiha ikishasomwa, mwanangu, hairudi."

"Na mjomba?"

"Alikuwa uani, anasimamia masufuria ya wali. Hakusikia."

"Kwa nini hamkumwambia?"

"Nani amwambie? Mtu mzima kaja kwako kwa miguu yake, umtie haya usoni?"

"Na leo hakutiwa haya?"

Baba alichukua kata, akaenda kutawadha.

Kumbe kura ilikuwa imeshapigwa kabla serikali haijauliza, na mudiri alikuja kuhesabu vivuli. Lakini hilo ningelivumilia. Wangesema wanamtaka karani, ningebishana nao mpaka koo likauke, kisha tungeendelea kuishi. Kilichoniuma ni kahawa ile. Kila aliyeimimina alijua. Baba alijua, akamwacha shemeji yake aazime joho.

Nikaenda kwa mjomba nikiwa na shauri langu: twende Chake Chake kwa mkubwa wa wilaya, tumwambie watu hawa walikuwa wamefungwa kabla ya kuulizwa. Nilimkuta anakunja joho. Nikamweleza yote, ya hitima na ya masufuria. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Fatiha waliisoma kweli?"

"Waliisoma."

Uso wake ukakunjuka. Sikuwa nimeutazamia uso ule.

"Basi hawakunikataa mimi," alisema. "Walikuwa wameshafungika."

"Mjomba, walikudanganya! Nyumba kwa nyumba!"

"Walinionea haya. Na mie ningekuwa ndani siku ile, ningeitikia Amin kwa sauti kubwa kuliko wao."

"Chake Chake je?"

"Kufanya nini? Kushitaki Fatiha?"

Alasiri ilipoadhiniwa, baba akabisha hodi. Mjomba akaitika, akamtania kwamba amechelewa, wakashika njia ya msikitini, mmoja akimweleza mwenziwe habari ya mbuzi aliyepotea. Nikabaki kizingitini. Asubuhi upande wetu ulikuwa na watu wawili. Sasa na yule wa pili alikuwa ameshavuka kwenda kisimani.