Jiwe Lililogeuzwa Huko Kibati

Wazazi wetu walipokufa niliacha shule ili wadogo zangu wasome. Nilijenga kuta za mawe ya volkano katika mtaa wa Mapendo. Kisha papa mmoja, mzee mwenye kuwaandalia wageni michezo ya kutafuta hazina, akahitaji mtu wa kuwaongoza. Alitupeleka Kibati, chini ya volkano, mimi na kijana mwenye diploma, akampa kila mmoja agenda ya mkononi, mashine ndogo ya kuandikia shughuli za kila siku, yenye GPS ya kuonyesha njia.

“Nimeficha kisanduku. Nitamchukua atakayekileta,” papa alisema.

“Mama wa mawe, unajua hata kuiwasha?” kijana alinicheka.

“Nitajua.”

Nilibonyeza hadi mshale ukatokea, nikaufuata. Tulifika pamoja mahali mashine zilipoonyesha, tukakuta mawe tu, mamia. Kijana alizunguka akitazama kioo cha mashine yake. Mimi nilitia yangu mfukoni. Mawe ya pale huota vimea vya kijivu kama manyoya upande wa juu, kwa hiyo nilitafuta lenye mgongo mweusi, lililogeuzwa juzijuzi. Chini ya la tatu kulikuwa na kisanduku.

“Papa, niliishia darasa la sita,” nilisema nikimkabidhi kisanduku, kabla hajauliza.

“Uanze lundi, saa moja asubuhi,” alijibu. “Mashine baki nayo.”

Sikuondoka Kibati kabla ya kujua kuandika ndani yake, kwenye siku ya lundi, Jumatatu ile: kazi.