Kaka Yangu Hachezi Zamu Yake

Swali lililoninyima usingizi mwaka huu lilikuwa hili: mtu akishika zamu yake asiicheze, wanaomfuata wafanye nini? Najua linasikika kama swali la mchezo wa simu. Huko ndiko nilikolipata.

Michezo ninayoipenda ni ile ya mashujaa wanaosafiri kundi moja, wanaoongezeka nguvu kidogo kidogo, na ambao wakikutana na adui hupigana kwa zamu. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha, ndani ya esaiga yetu, kile kibanda cha vijana wa kiume nyuma ya migomba, kwetu Ogembo. Tulikuwa na simu moja. Yeye alicheza, mimi nilishauri, na ushauri wangu haukufuatwa.

Kaka alipenda aina ya zamani. Zamu yako ikifika, dunia yote inasimama. Adui anayumbayumba mbele yako, upanga ameuinua, wala hakugusi mpaka uchague kupiga, kujikinga au kunywa dawa. Unaweza kuiweka simu chini, ukaenda kuchuma majani chai hadi jua liwe kali, ukirudi unamkuta palepale. Niliamini aina hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi, ambao hata jibu la salamu hulipima kwanza. Siku hizi siipendi. Inamfundisha mtu kwamba kusubiri hakumgharimu yeyote.

Aina ya pili ina mstari unaojaa chini ya kila mpiganaji. Wako ukijaa, unapiga. Lakini ukikaa kufikiria, wa adui nao unazidi kujaa. Niliichukia. Nilikuwa nikifungua mkoba wa dawa, nikilinganisha mbili zinazofanana, na kabla sijachagua nimeshapigwa. Kaka alicheka mpaka akalala kifudifudi kitandani.

"Wewe brathe utakufa umeshika dawa mkononi!"

Kuna pia aina ya tatu, inayoonyesha safu ya sura pembeni mwa skrini: huyu, kisha huyu, kisha wewe. Katika baadhi ya michezo hiyo, aliye mbele anaweza kumpisha mwenzake. Anapoteza zamu moja, basi. Kundi linapona.

Nyumbani kwetu safu hiyo ipo, ila haijachorwa popote. Kifungua mimba hujenga kwanza kwenye shamba la baba, kisha wa pili. Mdogo akitangulia, amemruka mkubwa wake, na jambo hilo wazee wetu hulitaja kwa sauti ya chini. Kaka yuko Nairobi tangu amalize chuo. Hajajenga, hajaoa, hasemi lini. Kipande chake kimeota nyasi zinazonenepesha ng'ombe wa jirani. Changu kiko chini yake, na siruhusiwi kuchimba hata shimo.

Ningevumilia kama ningekuwa peke yangu. Lakini katika shule ya Nyansiongo ninakofundisha hisabati kwa mkataba wa muhula, nina mchumba, mwalimu mwenzangu. Baba zake wadogo walitaka kuja kuona nyumba kabla ya mazungumzo yoyote ya mahari. Aliwatuliza mara ya kwanza, akawatuliza tena. Kisha akaniambia, akisahihisha vitabu bila kuinua kichwa, "Shule zikifungwa na bado huna nyumba, mimi sitawaambia tena wangoje."

Nikampigia kaka.

"Brathe, nipishe."

"Nikupishe wapi?"

"Kujenga. Mzee amesema ukija mwenyewe ukasimamisha hata kibanda kwenye kipande chako, mimi naweza kuanza."

"Nije nijenge kibanda? Watu waseme kifungua mimba ametoka Nairobi na kibanda cha kuku?"

"Ni siku moja tu."

"Wewe una digrii, una haraka ya nini? Tulia."

"Mchumba wangu hatatulia."

"Basi hakupendi," akasema, akapiga miayo. Halafu akaniuliza kama bado nimekwama kwa lile joka la barafu la kwenye mchezo.

Niliporudi kwa baba nilimkuta akinoa panga. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kijana, hata mimi nilimsubiri kaka yangu," akasema. "Alipokuwa tayari, nikajenga."

"Na mimi nikamzaa huyo kifungua mimba wako katika nyumba ya mama mkwe," mama akasema kutoka jikoni. "Mwambie na hilo."

Baba aliendelea kunoa. Nikaelewa kwamba maneno hayo mama alikuwa amekaa nayo tangu kabla sijazaliwa.

Hilo ndilo linalonichoma. Katika aina zote tatu, mtengenezaji amehakikisha kwamba kila mmoja atafikiwa na zamu. Ukiona zamu haiji, mchezo umeharibika, na unaufuta kwenye simu. Sisi tumeambiwa tuheshimu safu, na hakuna aliyewahi kumuuliza wa mbele anafanya nini na heshima hiyo. Nilipima kila njia. Nikijenga kwa nguvu, mama ndiye atakayenuniwa na majirani. Nikisubiri, kaka hatajua hata kwamba nilisubiri.

Wiki ile shule zilipofungwa nilikodi vyumba viwili karibu na soko la Nyansiongo. Mama alinisaidia kufunga godoro kwenye bodaboda, akaivuta kamba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Baba alikuwa kwenye majani chai, na aliponiona nikiondoka hakuinua mkono.

Jumapili nilikwenda kwa kina mchumba wangu na kuketi mbele ya baba zake wadogo. Niliwaambia kwamba sina nyumba kwetu, na sijui kama nitakuwa nayo.

"Sasa binti yetu ataishi wapi, kijana? Nyumba ya kukodi ni boma?"

"Si boma, mzee," nikasema. "Lakini ndipo tutakapoishi. Kitanda kiko ndani tayari. Mnaweza kuja kesho mkaone."