Nyumba ya Mbao Imekula Likizo Yangu

Jamani, leo mdomo wangu umeniponza.

Madam, huyu Mwarabu ninayemfanyia kazi za ndani, anataka kupeleka watoto wake Marekani, wakalale kwenye nyumba za mbao pembeni ya ziwa, ndani ya hifadhi.
Kazi ya kutafuta akanipa mimi. Wiki mbili nimekesha kwenye tablet yake!

Nikachagua mwezi wa saba makusudi, maana ndio likizo yangu. Wao Marekani, mimi Musoma kwa mama. Miaka miwili sijamwona.

Leo asubuhi kila kitu tayari, madam ndio akaanza kusoma masharti.
Maji mnachota nje, bombani.
Mashuka mnakuja nayo.
Kupika ni kwa kuni.

"Nani atawasha moto?" akauliza.

Mtoto wake mkubwa akaninyooshea kidole.
"Yeye anajua! Kwao alikuwa anapika kwa kuni, anabeba ndoo kichwani kutoka ziwani!"

Hadithi zangu hizo za kuwalaza. Na chumvi nilitia mwenyewe!

Madam akapiga makofi. "Khalas, yameisha, unakuja na sisi. Kwenu utaenda mwakani, inshallah."

Yaani kuni nilizikimbia kwetu, sasa nizifuate Marekani kwa ndege?

Nikamwambia, madam, mama ananisubiri. Ameshapaka chokaa chumba changu.

Akanishika bega, kwa upole kabisa. "Usihuzunike. Si ulisema kwenu ni ziwani? Na huko kuna ziwa."

Nyie madada wa kazi wenzangu wa hapa Deira mnaocheka, chekeni tu.
Mama amepiga simu mara mbili tangu asubuhi.
Mngekuwa nyie, mngepokea?